Ubovu wa Kununua: Fazi, Gitaa la Dansi na Masikio ya Ujiji

Muhula uliopita, katika semina yetu ya fasihi simulizi, tulijadili wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1970. Mwenzetu aliyeuwasilisha alikuwa amefanya kazi ya kutosha. Maneno yote yaliandikwa ubaoni, ubeti kwa ubeti, kiitikio pembeni, takriri na tashibiha zimepigiwa mstari. Tukachambua maudhui, tukachambua fani, tukabishana kidogo juu ya nafasi ya mwanamke, saa ikaisha. Kati ya ubeti wa tatu na wa nne kulikuwa na neno moja ndani ya mabano: (ala). Usiku ule nikaenda kuusikiliza wimbo wenyewe. Hiyo (ala) ilikuwa karibu nusu ya wimbo! Yaani nusu ya kazi ya sanaa tumeifungia kwenye mabano, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo.

Makala hii inakusudia kuyafungua mabano hayo, na itaingilia mlango ambao wengine wataona hautuhusu: fazi. Ndugu msomaji usiyepiga gitaa, fazi ni ile sauti inayokwaruza, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo, ambayo wapiga roki wa Ulaya na Marekani huipata kwa kukanyaga kijisanduku kilicholala sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Swali langu ni la kihistoria. Kwa nini sauti hii, iliyotawala gitaa la dunia nzima tangu 1965, haikushika mizizi katika dansi la Kigoma na Ujiji, mji ambao kwa mambo ya gitaa haukuwa kijiji hata kidogo? Jibu la haraka tunalijua: umaskini, vifaa havikuwepo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini nadhani ni jibu la mvivu.

Tuanze na asili yake. Fazi haikubuniwa na mtu aliyekaa akaitamani. Ilitokana na vitu kuharibika. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis kurekodi "Rocket 88", na inasimuliwa kwamba amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, iliumia njiani, koni ya spika ikashindiliwa karatasi ili mambo yaende. Ikatoa sauti ya kukwaruza, wakaiacha hivyohivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli kwa makusudi ili apate sauti ya "Rumble". Dave Davies wa The Kinks akaichana yake kwa wembe, ikasikika kwenye "You Really Got Me" ya 1964. Katikati ya hayo kulitokea tukio la Nashville: wakati wa kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, iliyotoka 1961, sehemu moja ya meza ya kuchanganyia sauti iliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka likinguruma kama gari bovu. Fundi mitambo Glenn Snoddy, badala ya kuutupa ubovu ule, akatafuta namna ya kuutengeneza upya kwa transista. Kampuni ya Gibson ikakinunua kifaa, na mwaka 1962 kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Kifaa kile hakikutangazwa kama kifaa cha kukwaruza. Wanunuzi waliambiwa kwamba gitaa lao sasa litaweza kuiga tarumbeta, tuba na saksafoni. Biashara ikadoda, mpaka 1965 Rolling Stones walipotoa "Satisfaction". Na Keith Richards naye alipokikanyaga alikuwa anaweka alama tu, akikusudia baadaye sehemu ile ipigwe na matarumbeta. Mwaka uliofuata London ikapata Fuzz Face ya Arbiter, kile kisahani cha mviringo alichokipenda Jimi Hendrix, na kuanzia hapo ubovu ukawa bidhaa. Ulikuwa na bei, na dhamana, na tangazo gazetini.

Sasa turudi ziwani. Kigoma-Ujiji tunayoisoma katika vitabu vya historia ni mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo na Tabora, na mwembe wa Livingstone na Stanley wa 1871, basi. Lakini mji huo haukuwahi kuwa mwisho wa kitu chochote. Ng'ambo ni Kongo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Ujiji asili yao ni Manyema, upande ule. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mji ukawa na mlango mmoja wa Dar es Salaam na mingine ya Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Redio za Kongo zilisikika hapa kama za nyumbani. Mtu wa Ujiji hakuhitaji kutafsiriwa gitaa la Jean Bosco Mwenda, maana Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake "Masanga", aliourekodi Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ni gitaa moja kavu linalosikika kama mawili. Kisha ikaja enzi ya umeme, ya Franco na OK Jazz na ya Nico Kasanda, yule waliyemwita Daktari. Kigoma ikawa na Lake Tanganyika Jazz yake. Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alipitia humo kabla ya kuhamia Tabora Jazz, ile ya mtindo wa Segere Matata, na sauti yake tukaijua nchi nzima kwa "Dada Asha". Alifariki mwaka 2014. Remmy Ongala naye alizaliwa Kindu mwaka 1947, katika nchi hiyohiyo ya Manyema, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy.

Kwa hiyo si kweli kwamba masikio ya hapa yalikuwa mbali na gitaa la umeme. Yalikuwa karibu nalo sana, pengine kuliko ya Dar. Swali linabaki: yalilitaka liseme nini?

Naomba nisimulie kisa kidogo. Likizo iliyopita mtoto wa shangazi yangu alikuja nyumbani Ujiji na gitaa na kipedali cha fazi, kopi ya Kichina ya bei nafuu. Jirani yetu ni mzee aliyewahi kupiga sekondi solo ujanani. Jioni akaja, tukamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka. Binamu akakanyaga pedali, akapiga vitu vyake vya roki kwa dakika nzima, uso umekunjamana kama mwenye maumivu ya jino. Alipomaliza, mzee akauliza kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu, hiyo spika umeipasua wewe au umeikuta hivyo?"

Tulicheka mpaka machozi. Baadaye nikawaza kwamba mzee hakuwa anatania. Alikuwa anatoa uhakiki, na uhakiki wake una historia nyuma yake.

Kwanza, historia ya umeme. Kwa miongo mingi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya Taifa; umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Anayekumbuka atakwambia taa zilivyokuwa zikififia na kuwaka. Amplifaya inayopungukiwa umeme hufika kikomo chake mapema, na ikifika kikomo inakwaruza. Hiyo ni fazi ya bure. Huko California, Eddie Van Halen, aliyetoa santuri yake ya kwanza na bendi yake mwaka 1978, alikuwa akitumia kifaa maalumu cha kuteremsha volti zinazoingia kwenye amplifaya yake ili apate sauti ile ile nzito, na sauti hiyo ikawa siri ya kuulizwa na wapiga gitaa wote. Jamani! Mwenzetu anakunja uso kuteremsha umeme ambao sisi tulikuwa tunauombea upande. Mpiga gitaa ambaye kila wiki anahangaika na spika iliyoshonwa, waya uliokatika na jenereta inayokohoa, hawezi kuusikia mkwaruzo kama uasi. Kwake mkwaruzo ni hali ya kawaida, ni adui aliyemzoea. Sauti safi ndiyo kazi, ndiyo ushindi wake kwa usiku huo.

Pili, tuulize vyombo vilikuwa vya nani. Wahakiki wetu hupenda sana swali la nani anamiliki nyenzo za uzalishaji, lakini huliuliza kwenye riwaya tu. Mpiga gitaa wa dansi wa miaka ya 1970 kwa kawaida hakuwa na gitaa. Gitaa lilikuwa la chama, la jeshi, la shirika la umma au la tajiri. Super Matimila ya Remmy ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Sasa wewe uliyeazimwa spika ya mwajiri utaitoboa kwa penseli? Link Wray alitoboa ya kwake. Kuharibu kwa ajili ya sanaa ni uhuru wa mwenye mali. Vifaa vipya navyo vilizidi kuwa adimu, hasa baada ya mpaka wa Kenya kufungwa Februari 1977. Bendi zetu zilizozoea kwenda Nairobi kutengeneza santuri zikabaki na mitambo ya Radio Tanzania.

Hata hivyo, sababu hizi mbili hazinitoshi. Zingenitosha kama bendi zetu zingekuwa zimeitamani fazi zikaikosa, lakini nikisikiliza muziki wenyewe siioni tamaa hiyo. Ndiyo maana nasema tuingie ndani ya fani.

Fazi hufanya hivi. Sauti ya uzi ni wimbi linalopanda na kushuka. Transista inalisukuma wimbi hilo kupita kimo chake, vilele vinakatwa, na lile wimbi la mviringo linakuwa na mabega kama sanduku. Mkato huo unazaa sauti nyingi za juu ambazo uzi haukuzitoa. Ndio nyuki wenyewe. Ukipiga uzi mmoja, mambo ni mazuri: sauti inanenepa na kudumu, haifi haraka. Ukipiga nyuzi mbili pamoja, kifaa kinazichanganya na kuzaa sauti za tatu na za nne, zinazotokana na jumla na tofauti ya mitetemo yao. Piga do na so, zinavumiliana. Piga do na mi, zinaumana. Ndiyo sababu wapiga roki wenye fazi nzito huegemea do na so, mi wakaiacha nje.

Sasa hebu sikiliza gitaa la dansi. Utamu wake wote umejengwa juu ya do na mi! Solo inatembea kwa jozi za sauti, mbili mbili, kama mtu na kivuli chake. Chini yake kuna sekondi solo inayozunguka kijifungu kifupi bila kuchoka, kisha rithimu, kisha besi. Hakuna gitaa linalosema sentensi nzima. Moja linaacha nafasi, jingine linaijaza, na wimbo unapoingia kwenye chemko masikio ya mchezaji yanafuata mazungumzo ya wanne, yakijua nani kasema nini. Weka fazi kwenye moja tu kati ya hayo, halitaacha nafasi tena, maana sauti yake haifi. Wengine watanyamaza au watapiga kelele. Fazi ni chombo cha msemaji mmoja. Nico alipotaka kuongeza kitu juu ya gitaa lake alitumia gitaa la Hawaii na mwangwi, vitu vinavyoirefusha sauti bila kuichafua.

Na ile kazi ambayo Gibson waliikusudia, yaani gitaa liige saksafoni? Bendi zetu zilikuwa na saksafoni. Zilikuwa na tarumbeta. Ile sauti nene, ya kukwaruza kidogo, inayodumu, tayari ilikuwa na mtu wake jukwaani, amevaa sare, anangoja zamu. Kwa nini gitaa limnyang'anye kazi?

Mtu atasema: basi roki haiwafai Waafrika. Hapana, na ushahidi uko kwenye ziwa letu wenyewe. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyozamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, kwa miongo mingi ilikuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia. Nchi hiyo iliyo upande wa pili wa tiketi ya Liemba ndiyo iliyokuwa makao ya fazi ya Afrika. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya migodi ya shaba, waliunda bendi za WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya na nyingine, wakapiga kitu kilichokuja kuitwa Zamrock, fazi kutoka mwanzo wa santuri hadi mwisho. "Africa" ya Amanaz ni ya 1975. Musi-O-Tunya walirekodi Nairobi, mji uleule ambao bendi zetu zilirekodi rumba.

Linalonishangaza ni kwamba serikali zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja. Huku kwetu Nyerere, katika hotuba ya Desemba 1962 ya kuunda wizara ya utamaduni, aliwasuta wasomi waliojua kucheza rumba, twisti na rokenroli lakini gombe sugu hawaijui. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Huko Zambia Kaunda akaagiza redio ipige muziki wa nyumbani, asilimia 95 kama wanavyokumbuka wanamuziki wenyewe. Agizo ni kama lile lile. Wazambia wakalijibu kwa kuweka lugha na midundo yao ndani ya fazi, wakaiita ya nyumbani. Sisi tukalijibu kwa rumba, ambayo nayo Nyerere alikuwa ameitaja katika orodha ya vya kigeni! Sunburst, bendi ya Dar iliyochanganya roki, fanki na ngoma, yenye wanamuziki wa nchi kadhaa, ilihamia Zambia na kurekodi "Ave Africa" huko mwaka 1976. Santuri hiyo ilitolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya London, na wengi wetu tuliijua hapo ndipo. Walioitaka fazi waliifuata ilikokuwa na mshahara wa shaba nyuma yake, na bei ya shaba ilipoporomoka nayo Zamrock ikaanza kufifia.

Katika gazeti la uhakiki siwezi kuizungumzia Ujiji bila kumtaja Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwandishi wa *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu cha 1954 kilichotufundisha sote mizani na vina, ni mzaliwa wa Ujiji. Sitaki kudai kwamba wapiga gitaa wa Kigoma walimsoma Amri ndipo wakapiga kwa usafi. Huo ungekuwa uhakiki wa kubahatisha. Ila tunalo neno guni kwa shairi lisilotimiza arudhi, na swali la mzee wetu kuhusu spika lilikuwa, kwa kweli, "hili mbona guni?" Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, ulikuwa juu ya jambo hilohilo: je, kilichovunjika ni ubovu au ni chaguo? Tuliujadili mgogoro huo kwa wino mwingi. Wa gitaa uliamuliwa ukumbini kila Jumamosi na hakuna aliyeuandika.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe. Nimesema usafi, usafi, kama vile masikio yetu hayapendi mkwaruzo. Si kweli. Ilimba ya Wagogo huwekewa utando wa buibui kwenye tundu ili ivume. Likembe ya Kongo huvishwa vipete vya chuma ili kila ulimi ulie na mlio wake wa pembeni. Likembe bila vipete, wenyewe watakwambia, ni bubu. Sasa tazama tofauti: kwenye likembe kila ulimi una pete yake. Mkwaruzo unakaa na noti yake, hauingii nyumba ya jirani. Fazi inazikusanya nyuzi zote sita na kuzikwaruza kwa pamoja. Konono No. 1 wa Kinshasa, waliounganisha likembe na amplifaya kwa vipaza sauti vya kujitengenezea kwa sumaku za magari, walitoa sauti ambayo ilipofika Ulaya na "Congotronics" ya 2004 iliwafanya watu wa roki wadhani ni wenzao. Lakini hata wao walikuwa na likembe tatu, ya juu, ya kati na ya chini, kila moja na kazi yake. Mkwaruzo ulikuwepo, na mazungumzo yalibaki.

Kwa hiyo sidhani kwamba Ujiji iliikataa fazi kwa sababu ni chafu. Nadhani iliikataa kwa sababu inasema peke yake. Mwenye data za kunipinga aje, nafasi ipo katika toleo lijalo.

Nimalizie kisa cha mkeka. Mzee aliomba gitaa. Binamu akataka kuichomoa pedali, mzee akamkataza, "Iache, mgeni hafukuzwi." Akakitafuta kile kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe, akakirudisha nyuma polepole huku akigonga uzi mmoja, akisikiliza, akirudisha, mpaka nyuki wakabaki kama vumbi tu juu ya noti. Kisha akaanza kuzungusha kijifungu kifupi cha sekondi solo, do na mi, do na mi, akituangalia mimi na binamu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja kujibiwa. Binamu akabaki mikono mitupu, hana gitaa la pili.